Meza ya mto: anza na mbao, resini inunuliwe mwisho

Ukifungua simu jioni, hukai sana kabla ya kukutana nayo. Mapande mawili mapana ya mbao yamelazwa sambamba, kingo zake zimeachwa zipinde jinsi mti ulivyoota, na katikati mtu anamimina kimiminika cha bluu kutoka kwenye ndoo. Video inakatwa. Inaporudi, meza inang'aa, watoto wamekaa na pilau imepakuliwa. Dakika moja haijaisha.

Kilichokatwa hapo katikati ndicho kirefu kuliko vyote. Hakuna anayerekodi mbao zikiwa zimepangwa kivulini kwa miezi, wala mtu anayezipima uzito kila Jumamosi aone kama bado zinapoteza maji. Lakini meza ya namna hii, ambayo wengi huiita meza ya mto, hufaulu au hufeli hukohuko kivulini, kabla kopo la resini halijafunguliwa.

Mwenye nyumba anaweza kuijenga mwenyewe, akisaidiana na fundi wa mtaani. Kazi yenyewe inadai hesabu za shule ya msingi, subira, na msimamo mmoja: resini ni ya kujazia pale mbao zilipokosekana. Ukiitumia kidogo, gharama inapungua, hatari ya kumimina inapungua, na meza haitachosha macho fasheni ya mito ya bluu itakapopita.

Gundi ya mirija miwili

Epoksi si ngeni kwetu. Mtu yeyote aliyewahi kuunganisha kikombe kilichovunjika kwa Araldite ameshaitumia: mirija miwili, unakamua kiasi sawa, unachanganya, unasubiri. Araldite ilianza kuuzwa mwaka 1946 na kampuni ya Ciba ya mjini Basel, Uswisi. Msingi wake ulikuwa kazi ya mkemia Pierre Castan, ambaye alikuwa akitafuta kitu cha kutengenezea meno ya bandia. Miaka hiyohiyo, huko Marekani, Sylvan Greenlee alikuwa akifanya kazi kama hiyo kwa ajili ya rangi za kupaka. Meza za chakula hazikuwa akilini mwa yeyote kati yao.

Kinachotokea mirija miwili inapokutana ndicho kinachotawala kazi yote inayofuata. Gundi nyeupe ya maseremala hushika kwa sababu maji yake yanakauka. Epoksi haikauki. Resini na kigumishi chake, ambacho mafundi wa magari hukiita hadina, hushikana kikemia na kujisuka kuwa kitu kimoja kigumu. Kushikana huko hutoa joto, na joto huharakisha kushikana. Ikishaganda haiyeyuki tena, hata ukiichoma moto, kwa hiyo kosa la kipimo halirekebishiki. Resini yenye hadina pungufu hubaki inanata miezi na miaka, na iliyozidishiwa haigandi haraka zaidi kama wengi wanavyodhani. Huwa dhaifu tu.

Mtindo wenyewe ni mchanga. George Nakashima, seremala na msanifu Mmarekani mwenye asili ya Japani aliyefariki mwaka 1990, ndiye aliyewazoesha matajiri wa Marekani kulipia ubao wenye nyufa na ukingo wake wa asili. Pale ufa ulipotishia kuendelea, aliufunga kwa kipande cha mbao chenye umbo la kipepeo. Baadaye Greg Klassen wa jimbo la Washington alitengeneza meza zenye mito ya kioo cha bluu kilichokatwa kufuata ukingo wa mbao, na kufikia mwaka 2014 picha zake zilikuwa zimezunguka dunia nzima. Waliomfuata waliona kumimina ni rahisi kuliko kukata kioo, na epoksi ikachukua nafasi. Nakashima na Klassen wote walianza na ubao mzuri, wakaongeza kingine kidogo iwezekanavyo.

Ubao wa kutafuta

Kwa meza ya watu sita, lenga urefu wa sentimita 180, upana wa 90 na kimo cha 75. Kila mlaji anahitaji ukingo wa sentimita 60 hivi ili viwiko visigongane. Unene wa sentimita 4 unatosha kabisa, kwa hiyo nunua mbao za inchi 2: zitapungua zikishasawazishwa.

Mninga ndio chaguo la kwanza la mafundi wengi wa Tanzania, na wana sababu. Una rangi ya kahawia yenye wekundu na michirizi inayong'aa, unarandika vizuri, na zaidi ya yote hautanuki sana ukishakauka. Mkongo nao umetulia, ila ni mgumu na unachosha meno ya msumeno. Mtiki wa mashamba ya Longuza na Mtibwa ni mzuri pia, lakini una mafuta yake ya asili. Uso utakaoguswa na resini ufutwe kwa asetoni muda mfupi kabla ya kumimina, la sivyo resini inaweza kuachia.

Meza ya namna hii, hata hivyo, ni nafasi ya mbao ambazo maseremala huzikataa. Mwembe uliozeeka, uliokatwa kwa sababu hauzai tena, huwa na michirizi myeusi na ya njano ambayo mti wa bei kubwa hauna. Mfenesi, uliotumika kwa muda mrefu kwenye milango ya Zanzibar, hutoka mashineni ukiwa wa njano na kugeuka kahawia kadiri miaka inavyokwenda. Mgrivea unaopandwa mashambani kwenye nyanda za juu za Kenya na Kilimanjaro una madoadoa yanayocheza na mwanga. Hata mabanzi, vile vipande vya kwanza vyenye gome ambavyo viwanda vya kupasua mbao huuza kwa ajili ya uzio na kuni, yakiwa manene vya kutosha yana ukingo wa asili uliopinda ambao meza ya mto inautafuta. Ufa, tundu la fundo, kona iliyoliwa: kasoro zinazoushusha ubao thamani kwa mtengeneza kabati ndizo zinazoipa resini kazi halali.

Mwembe una sharti lake. Upasuliwe mapema baada ya kukatwa, kwa sababu gogo likikaa chini mvuani huingiwa na ukungu na dumuzi. Vishimo vidogo vyenye unga mweupe chini yake ni dalili kwamba mdudu bado yumo. Resini haimwui. Ubao huo upigwe dawa ya wadudu wa mbao na kuangaliwa muda mrefu kabla ya kuingizwa nyumbani penye samani nyingine.

Uliza pia karatasi. Mazao ya misitu Tanzania hukatwa kwa kibali na kusafirishwa kwa hati, na hilo linagusa hata mtu anayechukua mbao chache kwa gari lake. Yadi yenye sifa itakupa risiti bila kununa. Mti ukiwa wa uani kwako, pita ofisi ya serikali ya mtaa na ya misitu kabla ya msumeno kuwaka.

Maji yaliyofichwa

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kwenye mbao methali hiyo igeuzwe. Ubao mbichi uliofungiwa ndani ya resini utaendelea kupoteza maji, utasinyaa, na kwa kuwa resini haisinyai nao, kitu kitalazimika kuachia. Ama ufa utatokea kwenye mshikano wa mbao na resini, ama meza nzima itajikunja ikae kama ungo.

Mbao hazikauki mpaka zikaisha maji. Hukauka mpaka zikapatana na hewa iliyozizunguka. Kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 80, jambo la kawaida Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ubao hutulia ukiwa na maji takriban asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Kwenye hewa ya asilimia 50, kama ya bara kiangazi au chumba chenye kiyoyozi muda mwingi, hutulia kwenye asilimia 9 hivi. Ubao ukihama kutoka hali moja kwenda nyingine, upana wake unabadilika, ilhali urefu haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Kwa miti mingi migumu, badiliko la asilimia 4 za maji linaweza kusogeza ubao wa sentimita 40 kwa milimita kama 4. Mapande mawili, milimita 8. Mninga husogea pungufu ya hapo, na hiyo ndiyo sehemu ya thamani unayoilipia.

Watengenezaji wengi wa resini hupendekeza ubao uwe chini ya asilimia 12. Pwani hufiki huko kwa kuanika tu, kwa hiyo unazo njia mbili: kununua mbao zilizokaushwa kwenye tanuri, au kuzianika kwa muda mrefu kisha kuziweka wiki kadhaa ndani ya chumba kilekile ambamo meza itaishi. Ya pili ni nafuu na ina mantiki, maana lengo ni ubao uzoee nyumba yako.

Kuanika kuna utaratibu. Mbao zilazwe juu ya matofali, zisiguse udongo, na kati ya ubao na ubao viwekwe vijiti vyenye unene sawa, vikiwa vimepangwa mstari mmoja wa wima ili uzito usizipinde. Juu pawe na paa, pembeni hewa ipite. Jua la moja kwa moja ni adui, kwa sababu hukausha ngozi ya nje na kuacha moyo ukiwa mbichi, na hapo nyufa huanza. Ncha zipakwe rangi ya mafuta au nta mapema, kwani maji hutoroka haraka zaidi kupitia nchani.

Utajuaje zimekauka? Kipimo cha unyevu cha sindano mbili kinapatikana kwa mafundi wakubwa na ni vyema kukiazima. Usipokipata, mzani unatosha. Andika uzito wa ubao kwa chaki kwenye ncha yake, upime tena wiki ijayo, na ijayo. Siku uzito unapoacha kushuka kwa wiki kadhaa mfululizo, ubao umepatana na hewa. Anayetaka namba kamili akate kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, akipime, akiweke kwenye oveni kwa joto la nyuzi 103 hadi uzito usibadilike. Kikianza na gramu 58 na kuishia 50, maji yalikuwa gramu 8. Gawanya 8 kwa 50: asilimia 16.

Lita ngapi?

Hapa ndipo pochi inapookolewa au kutobolewa, kwa kuwa resini huagizwa kutoka nje na huuzwa kwa uzito au ujazo. Hesabu yake ni nyepesi: urefu mara upana mara kina, vyote kwa sentimita, gawanya kwa 1,000, unapata lita.

Chukua meza yetu ya sentimita 180, kina cha 4. Mto wenye upana wa wastani wa sentimita 30, kama ule wa kwenye video, unahitaji lita 21.6. Punguza uwe sentimita 12 na mahitaji yanashuka hadi lita 8.6. Ongeza asilimia 15 kwa ajili ya nyufa, safu ya kwanza ya kuziba na kinachobaki ndooni: lita 10 hivi, dhidi ya karibu 25. Meza ni ileile, watu ni walewale sita, lakini tofauti ya lita 15 inatosha kununua ubao mpana zaidi na mzuri zaidi.

Ukingo wa mti hauendi mstari ulionyooka, kwa hiyo pima upana wa pengo kila baada ya sentimita 10, jumlisha, tafuta wastani. Kuna njia nyingine isiyohitaji kalamu: tandika nailoni nyepesi ndani ya pengo, jaza mchele mpaka usawa wa ubao, kisha uupime mchele huo kwa kopo la lita. Mchele unarudi jikoni.

Hakikisha unanunua aina inayofaa. Resini za kupaka juu ya kaunta ni nzito na hushika haraka. Zinapendekezwa kwa tabaka la milimita chache tu. Resini za kumimina kina ni nyepesi, hushika polepole kwa saa nyingi, na aina nyingi huvumilia kina cha sentimita 2.5 hadi 5 kwa mara moja. Ukiimimina ya kwanza kwa kina cha ya pili, joto litalimbikizana mpaka ichemke, itoe moshi, igeuke njano na kupasuka. Maelezo ya kwenye kopo yanashinda ushauri wa mtu yeyote, hata wa makala haya.

Kalibu isiyovuja

Kalibu hutengenezwa kwa ubao wa melamini au plaiwudi iliyofunikwa. Epoksi hushika karibu kila kitu, lakini haishiki plastiki laini za polithini na polipropilini. Selotepu pana ya kufungia maboksi, ikibandikwa vizuri bila mikunjo, hufanya kazi hiyo. Pembe zote zizibwe kwa silikoni na kuachwa zikauke. Kisha mimina maji kidogo, subiri saa moja, angalia chini. Maji yakipita, resini itapita, nayo ina usiku kucha wa kutafuta njia. Futa na kausha kabisa kabla ya kuendelea.

Gome lote litolewe kwa patasi butu na brashi ya waya. Linavutia machoni, lakini limeshika mti kwa udhaifu na litaachia pamoja na resini yake. Pimamaji ilazwe kwenye kalibu pande zote mbili, kwani resini hujisawazisha yenyewe na kalibu iliyoinama huzaa meza nene upande mmoja. Mwisho, mbao zibanwe chini kwa klampu na vipande vya mbao vilivyozungushiwa selotepu. Wengi hushangaa kwa nini. Lita moja ya resini ina uzito wa kilo 1.1 hivi, ilhali mninga, mwembe na mfenesi ni myepesi kuliko hapo. Mbao zisipobanwa, zinaelea.

Siku moja kabla ya kumimina kwenyewe, kingo na nyufa zote zipakwe resini kwa brashi, tabaka jembamba. Ubao una hewa ndani yake, na hewa hiyo hutoka kama viputo visivyoisha ikiwa haijazibwa. Fanya hivyo jioni, ubao unapoanza kupoa: unapopoa huvuta hewa ndani, unapopata joto la asubuhi huitoa.

Usiku wa kumimina

Kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10, kasi ya kuganda huongezeka karibu mara mbili. Kopo lililoandikwa kwa hali ya nyuzi 20 za Ulaya halitakupa muda uleule kwenye banda la bati saa nane mchana. Mimina jioni au usiku, kwenye kivuli, na anza na resini iliyohifadhiwa mahali pa baridi.

Pima kwa uwiano ulioandikwa na kwa njia iliyoandikwa. Kama ni mbili kwa moja kwa ujazo, tumia chombo cha ujazo. Kama ni kwa uzito, tumia mzani. Hadina kwa kawaida ni nyepesi kuliko resini, hivyo namba hizo mbili hazibadilishani. Koroga polepole kwa dakika kadhaa, ukikwangua pembeni na chini, halafu hamishia kwenye ndoo ya pili safi na ukoroge tena. Kilichobaki kwenye kuta za ndoo ya kwanza bila kuchanganyika ndicho huacha madoa yanayonata juu ya meza. Rangi ya unga iingie sasa, kidogo kidogo. Nyeusi iliyofifia au kahawia ya chai huchukuana na mninga kuliko bluu ya bahari, ingawa hapo kila mtu na macho yake.

Ikishachanganywa, usiiache ndooni ukaenda kupokea simu. Resini iliyokusanyika pamoja hujipasha moto, na ile iliyotandazwa hupoa. Mimina taratibu sehemu moja na uiache itembee yenyewe. Viputo vinavyopanda juu vipitishiwe moto mdogo wa gesi kwa haraka, bila kusimama mahali pamoja.

Halafu funika. Taa ikiwaka usiku wa mvua, kumbikumbi na mbu hawana mahali pazuri zaidi pa kutua. Fremu ya mbao yenye chandarua huzuia wadudu, na nailoni iliyotandwa juu yake huzuia vumbi. Umeme ukikatika na feni ikazimika hakuna kitakachoharibika, mradi uliheshimu kina.

Pwani kuna jambo la ziada. Hewa yenye unyevu hukutana na hadina juu ya uso na kuacha utando kama wa nta. Si ishara ya kufeli. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha, ndipo upige msasa. Ukipiga kabla ya kuosha, utando unasagwa na kuingia ndani, na tabaka linalofuata halitashika.

Vumbi, msasa na mng'ao

Resini ngumu ya kugusa bado haijakomaa. Aina nyingi huhitaji siku 7 hivi kufikia nguvu yake, na za kumimina kina zaidi ya hapo. Ikitolewa kwenye kalibu, meza huwa na mabonde na vilima. Mtu mwenye rauta hutengeneza reli mbili na kuipitisha juu yake mpaka uso usawazike. Asiye nayo aipeleke kwenye karakana yenye mashine pana ya kuranda, Keko jijini Dar es Salaam, Gikomba jijini Nairobi au Ndeeba jijini Kampala, lakini aseme mapema kwamba kuna resini. Visu viwe vikali, na kila mpito uondoe tabaka jembamba. Kisu butu humega vipande.

Msasa uanze na namba 80, kisha 120, 180 na 220, bila kuruka. Kila namba ina kazi ya kufuta mikwaruzo ya iliyotangulia, na mikwaruzo iliyosahauliwa kwenye resini ya rangi nyeusi huonekana toka mlangoni. Usikandamize mashine: resini ikipata moto hulainika na kuziba msasa.

Wengi humalizia kwa kumwagia tabaka jingine la resini juu ya meza nzima ili ing'ae. Hapa mkono uzuiwe. Uso wa namna hiyo huonyesha kila mkwaruzo wa sahani, na ukichubuka hauwezi kurekebishwa kipande kimoja. Mafuta magumu yenye nta, au poliurithani isiyong'aa sana, huulinda ubao na kuuacha uhisiwe kama ubao. Baada ya mwaka unapaka tena palipochakaa, basi.

Miguu iruhusu pumzi

Uso wa meza hii utakuwa na kilo 45 hivi, kwa hiyo miguu ya mabomba ya mraba kutoka kwa fundi wa kuchomelea inafaa. Kosa la kawaida ni kuibana kwa skrubu kwenye matundu ya duara. Zile milimita za kutanuka na kusinyaa bado zipo, na ubao usipopata pa kwenda utajipasua. Mwambie fundi matundu ya kwenye bamba yawe marefu kuelekea upana wa meza, skrubu iwekewe washa, ibane bila kukaba. Upande wa chini wa meza nao upakwe mafuta yaleyale ya juu, matabaka yaleyale. Ubao uliozibwa upande mmoja hunywa unyevu upande mwingine na kujikunja.

Mwili wako kwanza

Resini na hadina ambazo hazijaganda zinaweza kumwachia mtu mzio wa ngozi wa maisha. Wapo wanaomimina mara nyingi bila tatizo, kisha siku moja mikono inavimba na mwili hauvumilii tena hata harufu. Vaa glavu za nitrili, mikono mirefu, na ufungue madirisha. Ikikugusa, osha kwa sabuni na maji. Tina na asetoni huyeyusha resini na kuipenyeza zaidi kwenye ngozi. Vumbi la mbao si la kudharau pia: Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na vumbi la mvule linajulikana kwa kuwasha pua na ngozi. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Masalia ya ndoo yasimwagwe kwenye sinki wala bustanini. Changanya, yaache yagande, ndipo yatupwe.

Meza ikishakomaa ni salama kuliwa juu yake, ila haipendi moto. Epoksi nyingi zinazoganda bila tanuri huanza kulainika kwenye nyuzi 50 hadi 60, na sufuria ya ugali iliyotoka jikoni imezipita hizo mbali. Mikeka ya meza iwe sheria ya nyumba. Jua la dirishani nalo hugeuza resini angavu kuwa ya njano. Sababu nyingine ya kuchagua rangi iliyokolea, na mto mwembamba.

Agizo la kwanza

Mwenye hamu na bajeti ya mwezi huu atajiuliza aanze wapi. Akiamini video, ataagiza resini, kwa sababu ndiyo inayong'aa. Lakini resini ina tarehe ya mwisho wa matumizi, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja, na mbao zinaweza kuhitaji muda huo wote kukauka. Atakayenunua kopo kwanza atajikuta akikimbizana na tarehe hiyo, na atamimina juu ya ubao mbichi.

Kwa hiyo fedha ya kwanza iende yadi ya mbao au kwa mwenye mabanzi. Mbao ziandikwe tarehe na uzito, zipangwe kivulini, zisahauliwe. Zikiwa zinakauka, jaribu mkono kwa kigoda au sinia la mabaki na kikopo kidogo cha resini, ili kosa la kwanza la kipimo ligharimu nusu lita. Siku mzani utakapotoa namba ileile wiki baada ya wiki, pima pengo, punguza upana wake kadiri macho yanavyoruhusu, halafu ndipo uagize resini: lita zinazotakiwa, na asilimia 15 juu.